Nukta ya Lori la Tatu

"Laki sita na nusu," Haj Nasif alisema, akaipiga meza kwa kiganja. "Laki sita na nusu za dinari, Ghayth, na wala si zangu. Zingekuwa zangu ningekutukana tukaishia hapo. Ni za watu walionikabidhi mkononi wakaniambia, haji, wapelekee barafu wanaotembea kwenda kwa Hussein. Umemuuzia nani?"

Ghayth alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. "Sikuuza," alisema. "Walikuwa na kiu."

"Akina nani?"

"Walikuwa na kiu," akarudia, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

Hapo ndipo Wijdan alipogeuza kiti chake. Ghayth alikuwa mdogo wake, na pale kwenye kiwanda cha barafu cha haji walimwita Baruti, na hawakumsingizia. Mwaka uliopita askari wa kizuizi cha barabarani alimwita mwizi kwa utani, wakashikana mashati mpaka wafanyaziara wakaacha safari yao kuja kuwaamua. Leo anaitwa mwizi wa barafu ya Imamu, mbele ya dada yake, naye anatazama ukuta.

Habari ya barafu ilifikishwa kwa haji na Wijdan mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuyachunga malori. Kuanzia siku ishirini kabla ya Arubaini, kumbukumbu ya siku ya arobaini tangu auawe Imamu Hussein, barabara ya kutoka Najaf hadi Karbala si ya magari tena, ni ya miguu. Kando yake maukibu zimepangana, mahema ya kuwalisha na kuwalaza watu bure, na kila moja linangoja barafu katika joto la kulainisha lami. Malori hupita barabara ya nyuma, katikati ya mashamba, yakaingia kwa zamu. Kila lori lina kidude kilichofichwa chini ya usukani, kinachotuma habari zake kwenye kompyuta ya Wijdan: liko wapi, linakwenda kasi gani, mlango wa nyuma uko wazi au umefungwa. Yeye huziona nukta zikitambaa kwenye ramani, akasema redioni: wewe ngoja hapo, umati umeziba njia kwenye nguzo ya mia saba, wewe pitia mfereji. Akikosea, bonge linafika likiwa maji, na mtoto wa watu anakunywa maji ya moto.

Basi siku nne mfululizo aliiona nukta ya lori la saba, lori la Ghayth, ikiacha barabara ya nyuma na kuingia kwenye lile shamba la mitende iliyokatwa vichwa wakati wa vita. Hakuna mtu anayeishi pale. Nukta ilikaa huko muda wa mtu kula na kunywa chai, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na jioni maukibu zikapiga simu kulalamika kwamba mabonge yamepungua. Madereva walimwambia Wijdan, huyo ni nduguyo, fumba jicho moja. Akawajibu kwamba macho yake yote mawili yanalipwa mshahara.

Sasa akakigeukia tena kioo cha kompyuta, maana hakutaka kuuona ule uso uliotulia. Akazipitia nukta kwa mazoea. Lori la saba lilikuwa kwenye mitende.

Akainuka, akachungulia dirishani. Lori la saba lilikuwa uani, chini ya dirisha lake, na mwoshaji alikuwa akiyamwagia maji matairi. Akaketi. Kwenye kioo nukta ilikuwa palepale mitendeni, haitikisiki, mlango wa nyuma wazi.

"Haji," alisema. "Njoo uone."

Haj Nasif aliona, akasema kidude kimekufa, akasema vitu vya siku hizi havina baraka, akaagiza fundi. Fundi akaja, akafunga kidude kipya kilichotoka kwenye boksi lake mbele yao. Kabla hajakusanya bisibisi zake, nukta mpya ilikuwa imekwisha kwenda mitendeni.

Kesho yake Wijdan aliwabadilishia malori. La saba akampa dereva mwingine, la tatu akampa Ghayth. Jioni malori yote mawili yakarudi uani yakaegeshwa bega kwa bega, akayaona kwa macho yake, akaenda kukiangalia kioo. Nukta ya saba ilikuwa uani. Nukta ya tatu ilikuwa mitendeni.

Hakumwambia mtu. Alikaa akiitazama, na kitu pekee alichokisikia mwilini kilikuwa ganzi, ile ganzi ya kushika bonge la barafu kwa mikono mitupu, ambayo mwanzo inauma halafu inaacha kuuma. Kidude hakikuwa kikilifuata lori. Kilikuwa kikimfuata mtu. Na kama kidude kilisema kweli, mtu huyo hakuwa amerudi.

Waliishi wawili tu, katika nyumba ya marehemu mama yao. Jioni ile alipika wali na kima ya dengu kwa ndimu kavu, chakula cha msimu, ambacho Ghayth kwa kawaida hula mpaka akalegeza mkanda. Akatia tonge moja mdomoni, akalitoa, akajifuta kwa kitambaa taratibu.

"Chungu," alisema.

Dada yake akamwambia kwamba juzi hakula, jana hakula, na kwamba mwenye kuona kima chungu aende hospitali. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ya mtaa haijawashwa bado, na Wijdan jasho lilimchuruzika mgongoni. Uso wa nduguye ulikuwa mkavu kama karatasi. Alipoinama kuondoa sahani, akajifanya kumgusa kwa bahati. Kifundo cha mkono kilikuwa baridi, si baridi ya mtu aliyetoka kuoga, bali ya mtungi uliosahauliwa chini ya ardhi. Na palikuwa na harufu ambayo kwa siku mbili alidhani ni ya mtaro wa jirani: udongo mbichi, matete yaliyooza, maji yaliyokaa muda mrefu mahali pasipofika jua. Ilikuwa ikitoka kwenye nywele zake.

"Ghayth," alisema kwa sauti ya chini, asijue kwa nini anaishusha ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Hao wenye kiu. Ulikutana nao vipi?"

Akasimulia. Alisimulia bila kumtazama, kama mtu anayesoma mabango ya njiani kutoka ndani ya gari linalokwenda. Siku ya kwanza mzee mmoja alisimama katikati ya barabara ya nyuma, amefungua mikono. Hilo si jambo la ajabu. Wenye maukibu wote hufanya hivyo, hukuzuia njiani na kukuomba kwa haki ya Hussein ushuke ule kwao, na aliyeombwa hivyo hakatai, hata awe ameshiba, hata awe na haraka. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima mbele ya Imamu wake. Ghayth akashuka. Hema lilikuwa safi, watu wengi, watoto wengi, watoto watulivu ajabu. Wakamlisha. Chakula hakikuwa na ladha yoyote, lakini mgeni mwenye adabu haombi chumvi, maana kuomba chumvi ni kumwambia mpishi hajui kazi. Akala, akasifu. Maji yao yalikuwa ya moto, basi akawashushia mabonge mawili. Kesho yake mzee alikuwa barabarani tena, mikono wazi.

"Na leo?"

"Leo wamenipa mto," alisema Ghayth. "Mzee ananimiminia chai. Watoto wamekaa mstari. Wananitazama."

Wijdan akatazama chumbani. Palikuwa na mkeka, sahani, taa ya betri, na wao wawili.

"Ghayth. Uko wapi?"

"Hemani," alisema, kana kwamba ameulizwa jina lake.

Asubuhi Wijdan akaenda naye kazini, akamketisha kwenye benchi, hakumpa lori. Haj Nasif alianza kufoka kwamba malori yanapungukiwa madereva na kesho ni Arubaini yenyewe, barabara imefurika mpaka mashambani, na huyu bwana mdogo amekalishwa kama bibi harusi. Wijdan akamwomba afunge mlango. Kisha akachukua redio, akamgeukia nduguye ili auone mdomo wake vizuri, akabonyeza.

"Lori la tatu, lori la tatu. Uko wapi?"

Redio ikakwaruza. Kwa muda palikuwa na mkwaruzo huo tu, na ngurumo ya mashine za barafu upande wa pili wa ukuta, na Ghayth kwenye benchi amefumba mdomo, mikono juu ya magoti.

"Nipo, dada," redio ikasema kwa sauti ya Ghayth.

Haj Nasif alitafuta kiti kwa mkono, asikione, akakaa sakafuni.

"Nimechoka, dada," sauti ikaendelea. Ilikuwa ndiyo yake hasa, yenye pua kidogo, yenye kulalamika. "Kila nikiinuka wananiomba nikae, na wanaomba vizuri, nashindwa kukataa. Mwambie haji barafu yake ipo yote. Haijayeyuka hata bonge moja."

"Toka humo uje. Njoo hata kwa miguu."

"Nitakwenda vipi wakiniomba?" Akanyamaza, na nyuma ya kimya chake zikasikika glasi za chai zikigongana, na nyuma ya glasi watu wengi wakijipiga vifua kwa pigo moja, kama wafanyavyo waombolezaji wa mahali popote, isipokuwa kwamba kati ya pigo na pigo hapakuwa na hata mmoja aliyevuta pumzi. "Wanasema kesho mchana kila mwenye hema anakunja hema lake, nao watakunja, na mimi nitakwenda nao. Kwao si mbali, wanasema. Ila barabara ni ya kwenda tu."

Redio ikakatika. Ghayth wa kwenye benchi akapepesa macho mara moja, polepole.

"Zile laki sita na nusu," Haj Nasif alinong'ona kutoka sakafuni, "nimesamehe. Waambie nimesamehe."

"Hawadai pesa, haji."

"Basi wanadai nini?"

Wijdan akamshika nduguye mkono, ule mkono wa baridi, akampeleka kwa Mullaya Zahida.

Zahida alikuwa mullaya wa mtaa, msomaji wa marsiya, zile tungo za maombolezo, mwanamke mnene mwenye sigara isiyozimika, ambaye wanawake wenzake humpelekea watoto walioshtuka na mabinti waliopagawa. Alimtazama Ghayth pale mlangoni bila kumkaribisha. Akamuuliza jina la mama yake, akajibiwa sawasawa. Kisha akalamba kidole, akakichovya kwenye kikopo cha chumvi cha jikoni, akakipeleka mdomoni kwa Ghayth. Kichwa kikageuka upande, chenyewe, kama kichwa cha farasi anayekataa lijamu.

Wijdan akasema amekuja kutaka dua ya kumtoa jini, na kama ni kufukiza harmali, zile mbegu za kufukuzia majini, basi afukize sasa hivi, muda hakuna.

"Nimtoe nani?" Zahida alisema. "Huyu hana mtu ndani. Ndiyo shida yake, hana mtu. Wamemmenya kama karanga, binti yangu. Punje wanayo wao, wewe umerudishiwa ganda."

Alisema neno hilo mbele ya Ghayth, na Ghayth hakuudhika.

Wijdan akauliza kama inafaa waende na moshi na askari na Qur'ani mpaka kwenye mitende kuwafukuza hao majini. Zahida akamkemea. Wale ni majini waumini, akasema, wana Hussein wao na majonzi yao, wamepiga hema la huduma kama binadamu wanavyopiga yao. Ukimfukizia mtu harmali ndani ya hema lake la huduma umemtukana, na aliyetukanwa anakunja hema saa ileile na kuondoka na alichonacho.

"Kama ni waumini wamemchukulia nini ndugu yangu?"

"Wamempenda. Kijana ana adabu, anakula, anasifu, analeta barafu. Sisi tukimpenda mgeni si tunamfichia viatu asiondoke? Nao wameficha walichokiona, nafsi yake." Akavuta sigara. "Tena amekula kwao siku zote hizo bila chumvi. Jini hatii chumvi chakulani. Mtu uliyekula naye chumvi humzuii wala humdhuru, akidai haki yake unampa. Hiyo ni sheria kwetu na kwao. Lakini kati yao na nduguyo hakuna chumvi, basi hakuna haki. Nenda ukaitie."

"Niwalishe?"

"Uwalishe. Na umwombe yule mzee kwa jina ambalo hawezi kulikataa. Ila sikiliza: anayetangulia kuomba ndiye mwenyeji. Akikutangulia yeye, wewe ni mgeni wake, utakula chake, na nyumba ya mama yenu itabaki na maganda mawili. Jambo la pili, usiifiche chumvi. Ukimlisha mtu chumvi kwa hila haimfungi, inamkasirisha tu."

Wijdan akasema hajui kuficha kitu.

"Tunajua," Zahida alisema. "Mtaa mzima umechoka nawe kwa hilo."

Asubuhi ya Arubaini Wijdan alipika uani kiwandani, kwenye sufuria kubwa ya wafanyakazi. Alitia chumvi kwa kiganja, akaonja, akatia tena. Haj Nasif alikuja akasema hakuna lori linalotoka leo, amri ya serikali, barabara ya nyuma nayo imejaa watu, mwanamke peke yake atapita wapi. Wijdan aliendelea kukoroga. Haji akasimama, akamnyang'anya mwiko, akakoroga yeye kwa hasira mpaka kima ikaiva. Halafu akaweka ufunguo wa lori la tatu juu ya mfuniko, akaenda kwenye simu, na Wijdan akamsikia akiwabembeleza wakuu wa vizuizi mmoja mmoja: lori langu moja tu, bwana wangu, chakula cha nadhiri, dereva ni mwanamke, usimsimamishe.

Akampandisha Ghayth kando yake, akamfunga mkanda. Simu akaiegemeza mbele ya usukani, ramani ikiwa wazi. Ramani ilisema lori la tatu liko kwenye mitende, mlango wa nyuma wazi, limesimama. Alikuwa ndani ya lori la tatu, akilikimbilia lori la tatu.

Vizuizi vikampisha. Watu waliotembea barabara ya nyuma, weusi kwa nguo na weupe kwa vumbi, wakasogea pembeni na kumwombea dua, na wengine wakaligonga bodi la lori kwa kiganja kama wanavyogonga mgongo wa mnyama wa heri, na kadiri alivyokwenda wakapungua, wakawa vikundi, wakawa mmoja mmoja, mpaka kwenye ile njia ya udongo inayoachana na barabara hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limesimama utosini. Akapinda.

Alitaraji kuogopa, akangojea hofu ije kama mtu anavyongojea chafya, haikuja; mikono yake ilikuwa juu ya usukani kama mikono ya mtu mwingine, na mashina ya mitende isiyo na vichwa yakapita kushoto na kulia, meusi, yaliyonyooka, mengi kuliko alivyoyakumbuka. Ile harufu ya udongo mbichi na matete yaliyooza ikaingia kupitia vioo vilivyofungwa, kwanza kidogo, kisha ikawa ndiyo hewa yenyewe. Na Ghayth kando yake, aliyekaa siku zote hizi kama mzigo, akaanza kutikisa goti moja taratibu, kwa pigo lilelile alilolisikia redioni, kifua, kimya, kifua, kimya, na kila lori liliposogea, goti likazidi nguvu, na macho yake yakabaki palepale, wazi, yakiangalia mbele bila kuona.

Kisha akaiona barafu. Ilikuwa imepangwa juu ya udongo mkavu pande mbili za njia, bonge juu ya bonge, usawa wa kifua cha mtu, mabonge yote ya siku zile, katika jua la mchana wa Iraq, na hapakuwa na tone moja la maji chini yake. Pembe zake zilikuwa kali kana kwamba zimetoka kwenye kalibu sasa hivi. Ndani ya kila bonge, katikati, palikuwa na kivuli kidogo chenye umbo ambalo jicho lake lilianza kulijua, naye akaligeuza jicho lake mbele kabla halijamaliza kujua. Kwenye simu nukta ya bluu iliyokuwa yeye, na nukta nyekundu iliyokuwa lori la tatu, zilikuwa zimebakiza nafasi ya unene wa kucha. Zikagusana. Injini ikazima yenyewe, lori likaendelea kuteleza kwa uzito wake, bila sauti, na pale palipokuwa na udongo na mashina tu pakawa na hema jeusi lenye bendera, safi, kamba zake zimekazwa, na watu wamekaa ndani wamejaa mpaka nyuma kabisa, na watoto wamekaa mstari mbele, na hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa akijikuna, au akimsukuma mwenzake, au akifukuza nzi, wala nzi hawakuwapo, na katikati ya njia mzee mwenye ndevu nyeupe, mwenye uso mwema kuliko nyuso zote alizowahi kuziona, alikuwa tayari anaifungua mikono yake, na mdomo wake ulikuwa tayari unafunguka.

Wijdan akatoa kichwa dirishani wakati lori bado linateleza.

"Nakuomba kwa haki ya Hussein," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, kama anaita lori redioni, "wewe na wote walio nawe, mle chakula changu leo."

Mikono ya mzee ikabaki wazi hewani. Mdomo ukafungwa taratibu.

Alishuka. Sufuria ilikuwa nzito, hakuna aliyemsaidia. Akaiburura mpaka kwenye kizingiti cha hema, akaondoa mfuniko, mvuke ukapanda. Mstari wa watoto ukarudi nyuma, wote kwa pamoja, bila kusimama, kama kivuli kinavyorudi.

"Kina chumvi," alisema. "Nyingi. Nakuambia mapema."

Mzee akainama kidogo kumsogelea. Kwa karibu ngozi yake ilikuwa na unyevu, na macho yake hayakuwa na mahali weusi ulipoanzia wala ulipoishia. "Binti yangu," alisema kwa upole mkubwa, "sisi hiyo hatuli. Inatuunguza. Pita ndani upumzike, umetoka mbali, jua kali, watoto watakuletea—"

"Ami," alisema Wijdan. Alimwita hivyo kwa sababu alikuwa mtu mzima, na adabu ni adabu. "Nimekuomba kwa jina la nani?"

Pigo la vifua, ambalo hakutambua kuwa lilikuwa likiendelea muda wote, lilikoma. Ndani kabisa ya hema, juu ya mto mweupe, akamwona Ghayth, Ghayth mwenye jasho, miguu mitupu, glasi ya chai mkononi, anamwangalia kama mtu anayemwona mwenzake kupitia usingizi. Hakumwita. Aliogopa kwamba kumwita ni kuomba, na la kuomba lilikuwa moja tu, naye alikwisha kuliomba.

Mzee akaketi. Akakunja mkono wa kanzu, akatia vidole kwenye sufuria, akachukua tonge, akalitia mdomoni. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya maji yanayomwagwa juu ya chuma cha moto. Machozi yakamtoka, lakini alitafuna, akameza, kwa adabu ya mtu aliyewahi kulisha maelfu, akachukua la pili, kisha akageuka nyuma na kusema neno moja ambalo Wijdan hakulijua, na wote wakaja. Walikuja kwa magoti, wanaume, wanawake, watoto mwisho, wakala mmoja baada ya mwingine, na ile sauti ya chuma na maji ikaenea hema zima, na baadhi ya watoto walikuwa wakilia huku wanakula, bila sauti, wakimtazama yeye. Alisimama akawaangalia mpaka wa mwisho. Alijua kwamba mtu mwingine angewahurumia. Alingojea huruma nayo, haikuja.

Nyuma yake barafu ilianza kudondoka matone.

Sufuria ilipobaki tupu mzee alijifuta vidole. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Umetukirimu," alisema, na sauti ilikuwa imekwaruzika. "Imepita miaka mingi hatujakirimiwa. Sasa hatuwezi kukunja hema tukiwa na haki yako. Sema. Barafu ni yako yote. Tunajua dhahabu ilipozikwa, toka hapa hadi Hilla. Au kama una mgonjwa, au kama unataka mtoto. Nduguyo kwetu ana raha, binti yangu, haumwi, hana njaa, haitwi mwizi. Yule uliyenaye garini atakaa nawe vizuri, hatakusumbua. Taja kingine chochote."

Wijdan akajifunga buibui vizuri kiunoni, akasimama mlangoni mwa hema, mahali ambapo hakuna awezaye kutoka bila kumgusa.

"Mmekula chumvi yangu," alisema. "Nilikwambia imo, na ukala. Nipe ndugu yangu."